Adabu ya Kukhitilafiana

Mwezi wa Aprili 2011 serikali ya Marekani ilikaribia kufungwa kwa ugomvi wa bajeti. Upande mmoja ulitaka matumizi yapunguzwe, na Planned Parenthood, chama chenye zahanati zitoazo mimba, kisipewe fedha za umma. Upande wa pili ukajibu: kifungu cha Hyde cha mwaka 1976 chazuia fedha za serikali kuu kulipia jambo hilo ila kwa dharura chache, basi kitakachokatwa ni matibabu ya wanawake mafukara.

Sisi tu pamoja na wanaokataza kutoa mimba. Lakini twakiri kuwa maradhi ya fukara nayo ni hoja nzito, na anayeitaja si muuaji. Wala anayechelea mali yake isitumike katika asichokihalalisha si adui wa maskini.

Wanavyuoni wengi wa Kihanafi waliruhusu kabla ya siku 120 kwa udhuru. Wengi wa Kimaliki wakakataza tangu mwanzo. Hawakukufurishana kwa hilo. Nasi, ndugu zetu, mbona barazani twatukanana kwa madogo kuliko haya?