Kufunga na Kufungwa



Ndugu zangu katika imani, usiku mmoja baada ya Isha mwenzangu wa chumbani alinipa simu yake nitazame. Ilikuwa picha ya kinywa kilichoachama, na ndani yake magego ya juu na ya chini yamefungiwa vyuma vidogo. Akaniuliza, "Dada, hiki ni chombo cha kupunguza unene. Meno yanashikana, huwezi kutafuna, unakunywa tu. Kwa sheria yetu kinafaa?"

Nilijibu papo hapo. "Mwislamu ana saumu. Vyuma vya nini? Funga Jumatatu na Alhamisi, utaona."

Alizima simu, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nafunga Ramadhani tangu nina miaka tisa. Na kila Idi nguo ya mwaka jana hainitoshi." Kisha akageukia ukutani akalala.

Jibu langu lile ndilo lililonifanya niandike makala hii. Nilitoa fatwa bila elimu, kwa mtu aliyekuwa akiumia.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Katika miaka ya 1970 na 1980 baadhi ya madaktari wa Magharibi waliwafunga wagonjwa wanene taya kwa waya, meno ya juu kwa ya chini, ili wasiweze kula chakula kigumu. Uzito ulishuka. Lakini mtu aliyefungwa taya akitapika anaweza kupaliwa hata akafa, mswaki haufiki ndani na ufizi huugua, na wengine waliathirika akili. Waya ulipotolewa, wengi walirudia unene wao. Mwaka 1981 watafiti wa Uingereza walieleza njia ya kuzuia hilo: baada ya waya kutolewa, mgonjwa alifungwa uzi wa nailoni kiunoni, ili akianza kunenepa aubane na ajue.

Mwaka 2021 mjadala ukarudi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, pamoja na wenzao wa Uingereza, walieleza katika jarida la British Dental Journal chombo cha sumaku kinachofungwa kwenye magego na daktari wa meno. Kinywa hufunguka kiasi cha milimita 2 tu. Wanawake 7 walikivaa kwa wiki 2 wakiishi kwa vyakula vya majimaji, wakapungua wastani wa kilo 6.36. Walipata shida kutamka baadhi ya maneno, na mmoja alikiri kwamba alijiibia kwa kunywa chokoleti iliyoyeyushwa. Watu wengi duniani walikasirika, wakakiita chombo cha mateso. Chuo kikajibu kwamba kimekusudiwa hasa wale wasioweza kufanyiwa upasuaji mpaka wapungue kwanza, na kwamba kinaweza kufunguliwa.

Sasa turudi kwetu. Kiswahili kina neno moja, kufunga, kwa saumu na kwa mlango. Lakini anayefunga saumu anao ufunguo mwenyewe. Maji yapo mtungini, chumba hakina mtu, na hanywi. Qur'ani katika Suratul Baqara imetaja lengo la saumu kuwa ni uchamungu, na uchamungu hauwezi kuota mahali pasipo na hiari. Ukimfungia mtu kinywa hajawa mwenye saumu, amefungwa tu. Yule mama wa chokoleti ametufundisha hilo: kinywa kilifungwa, moyo ukapita katika tundu la milimita 2.

Tena dini yetu haipendi mateso yasiyo na faida. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwona Abu Israil amesimama juani, ameweka nadhiri asikae, asiingie kivulini, asiseme, na afunge. Akaamrisha aambiwe aseme, akae, aingie kivulini, lakini akamilishe saumu yake. Kati ya mambo manne, lililobaki ni lile lenye ibada ndani yake.

Hapo nilidhani nimeshinda hoja. Kumbe hoja hiyo hiyo ilinigeukia. Kama saumu ni ibada, kwa nini nilimpa mwenzangu kama dawa ya kiuno? Na kwa nini nilichukua unene wake kuwa ushahidi wa udhaifu wa imani? Unene una sababu nyingi: damu ya ukoo, homoni, dawa anazotumia mtu, usingizi, huzuni, na chakula kinachopatikana kwa pesa aliyonayo. Mimi ni mwembamba kwa sababu mama yangu ni mwembamba. Futari ya sambusa na chai ya sukari tunakula sahani moja. Sikupata wembamba kwa jihadi yoyote ya nafsi, nami nilisema kama niliyeipigana.

Wala si kweli kwamba muumini hahitaji kizuizi cha nje. Wakati wa mitihani nampa rafiki simu yangu anifichie. Naweka saa ya kuamshia Alfajiri mbali na kitanda ili nilazimike kusimama. Mtume mwenyewe aliwaelekeza vijana wasioweza kuoa wafunge, iwe kinga yao. Kujifunga kamba kwa sababu unaijua nafsi yako kunaweza kuwa unyenyekevu. Ndiyo maana ule uzi wa kiunoni unanipa fikira kuliko waya wa taya. Uzi haumkatazi mtu kula. Unamkumbusha, na uamuzi unabaki kwake.

Kwa hiyo, kwa fahamu yangu ndogo, nisingesema tena neno moja la halali au haramu. Ningeuliza mambo matatu. La kwanza, madhara: mwili ni amana, na kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana ni msingi wa fiqhi yetu. Mgonjwa anayesubiri upasuaji, akiwa chini ya uangalizi wa daktari, na chombo kinafunguka papo hapo ikibidi, hali yake si sawa na ya msichana mzima anayetaka kuingia katika gauni. La pili, kitakachofuata: siku chombo kikitolewa, mtu amejifunza nini? Mtume alitupa kipimo cha tumbo, theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Hicho ni kipimo cha maisha, na chombo cha wiki mbili hakikifundishi. La tatu, aliyekutuma: je, ni daktari, au ni aibu?

Swali la tatu nilimuuliza mwenzangu, baada ya kumwomba radhi. Akanieleza kwamba kulikuwa na harusi kwao, na shangazi zake walimcheka mbele ya wageni, wakisema ataolewa na nani akiwa hivi. Wote ni watu wa swala tano. Tangu siku ile alikuwa akitafuta usiku kucha kitu cha kumfunga mdomo.

Tulikwenda pamoja kwa daktari. Aliyoambiwa ni siri yake, sitayaandika hapa. Nitasema tu kwamba hakuna aliyezungumzia vyuma, na kwamba alitoka akitembea wepesi kuliko alivyoingia.

Ndugu zangu, tunabishana kama inafaa kumfunga mtu taya ili asile. Mjadala huo ni halali, na wanazuoni na matabibu wauendeleze. Lakini tumefundishwa kwamba anayemwamini Allah na Siku ya Mwisho aseme kheri au anyamaze. Shangazi zake hawakunyamaza, nami sikunyamaza. Usiku ule chumbani kwetu kulikuwa na kinywa kimoja kilichohitaji kufungwa, na hakikuwa chake.

Wallahu a'lam.