MTOTO WETU KATIKA SHULE YAO, MTOTO WAO KATIKA SHULE YETU

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Ijumaa hii tunashika jambo linalosemwa sana watu wakitoka kuswali, wakiwa wanatafuta viatu vyao, lakini mbele ya direkta wa shule halisemwi. Ni habari ya mtoto wa Kiislamu anayesoma katika shule ya kanisa. Je, asubuhi afumbe macho na kusali sala isiyo yake? Binti avue hijabu mlangoni? Afanye mtihani wa kozi ya dini ya wengine ili bultini yake isipungue pointi? Na sisi tulio wachache katika milima hii ya Masisi tuna haki ya kuuliza, au mgeni haulizi?

Tuanze na hilo neno mgeni, maana ndilo linalotufunga midomo. Lina historia yake. Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mkononi mwa mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ilitia sahihi mkataba na Vatikani: misheni za Kikatoliki zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Waprotestanti wenyewe walingoja hadi baada ya vita vya pili vya dunia ndipo wakaanza kupata ruzuku ya shule. Muislamu hakuwemo katika hesabu. Kule Maniema, Kasongo na Nyangwe, ambako Uislamu ulifika na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, mzazi aliyetaka mwanawe ajue kalamu alikuwa na njia mbili: amwache nyumbani, au akubali abatizwe. Ndiyo sababu wako wazee waliokuwa na majina mawili, moja la darasani na moja la nyumbani. Kisha mwaka 1972 Mobutu akaja na siasa ya uhalisia akapiga marufuku majina ya ubatizo. Yaani mtu mmoja aliweza kubadilishwa jina mara mbili katika maisha yake, na mara zote mbili hakuulizwa.

Lakini hali ya leo si ile ya 1906. Shule za kanisa tunazoziona huku ni shule za mkataba. Mkataba huo ulitiwa sahihi tarehe 26 Februari 1977 kati ya Serikali na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu waliingia baadaye kupitia jumuiya yao, COMICO, iliyoundwa mwaka 1972. Maana ya mkataba ni kwamba dini inasimamia shule, lakini shule ni ya umma: programu ya masomo ni ya taifa, na mshahara wa mwalimu ni juu ya Serikali (tunajua sote unavyochelewa, na walimu ambao bado hawajaandikwa katika orodha, hiyo ni khutba nyingine). Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule hizo yalitangazwa kuwa bure, kama Katiba ya 2006 ilivyoagiza katika kifungu cha 43. Basi shule ya mkataba si parokia. Muislamu anayeuza maziwa au maharagwe sokoni akalipa kodi yake, mwanawe akiingia darasani hakaribishwi kwa huruma. Ameingia kwake.

Tukisema hivyo tusiwe watovu wa shukrani. Wengi wetu tulifundishwa kusoma na masista na wachungaji, katika miaka ambayo Serikali haikuonekana huku kabisa. Tena Uislamu haukatazi kujifunza kwa asiye Muislamu. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, mateka wa Makka waliokosa fidia lakini wakijua kuandika waliambiwa wafundishe watoto wa Madina. Baadhi ya wasimuliaji wanataja watoto kumi kwa kila mateka. Walimu hao walikuwa washirikina, tena jana yake walikuwa na upanga mkononi! Mtume (S.A.W.) hakuogopa herufi zao. Kwa hiyo anayemtoa mtoto shuleni kwa hoja kwamba mwalimu ni Mkristo, hana hoja.

Tatizo liko mahali pengine. Mtoto wa miaka minane anaunganisha mikono na kutamka maneno asiyoyaamini, kwa sababu mwalimu amesimama na fimbo. Huyo hajafundishwa Ukristo. Amefundishwa kwamba mdomo unaweza kwenda njia yake na moyo njia yake, na kwamba kwa kufanya hivyo anapata pointi. Jambo hilo lina jina katika dini yetu, ni unafiki, na Qur'ani imewasema wanafiki kwa ukali mkubwa sana. Padri anayemcha Mungu naye hawezi kufurahia sala ya namna hiyo. Amepata sauti tu.

Kuna habari ambayo haitajwi sana katika mihadhara yetu. Wote tunajua aya ya 256 ya Surat al-Baqara, inayokataza kulazimishana katika dini, nasi hupenda kuwasomea wengine. Wafasiri, Tabari akiwa mmojawao, wanasimulia kwamba ilishuka kwa ajili ya wazazi na watoto. Wako wanawake wa Madina ambao watoto wao walikuwa wakifa, wakaweka nadhiri kwamba mtoto akipona watamlea katika dini ya Mayahudi. Kabila la Banu Nadhir lilipotolewa Madina, ndani yake walikuwamo vijana wa Ansari waliolelewa hivyo. Wazazi, sasa ni Waislamu, wakasema: hatuwaachi watoto wetu. Hapo ndipo aya ikashuka. Aliyeambiwa asilazimishe alikuwa Muislamu, na yule asiyelazimishwa alikuwa mtoto wake mwenyewe.

Wako wasomi wanaosema dawa ni kuiondoa dini shuleni moja kwa moja, zibaki hesabu na sayansi. Nchi yetu ilijaribu. Mwishoni mwa 1974 Mobutu alizitwaa shule za makanisa na kozi ya dini ikafutwa. Nafasi yake haikubaki tupu: yaliingia mafundisho ya chama na sifa za kiongozi. Miaka haikupita mingi, 1977 shule zikarudishwa, kwa sababu Serikali ilishindwa kuziendesha. Ufaransa nayo ilitunga sheria Machi 2004 inayokataza alama za dini zinazoonekana waziwazi katika shule za Serikali, na binti wa Kiislamu huko anavua hijabu yake mlangoni vilevile, safari hii si kwa amri ya kanisa bali ya Jamhuri. Sidai kwamba Serikali isiyo na dini ni adui. Kongo yenyewe ni hivyo kwa kifungu cha kwanza cha Katiba, na kwa wachache kama sisi hiyo ni kinga. Lakini mtoto anakuja shuleni akiwa mzima, na moyo wake hauwezi kubaki nje ya geti.

Katiba imeweka njia, nayo ni kifungu cha 45. Kinasema kwamba shule za taifa zinaweza, kwa kushirikiana na viongozi wa dini, kuwapa wanafunzi wadogo malezi yanayolingana na imani yao, iwapo wazazi wao wameomba. Iwapo wameomba! Sheria imeuweka mwanzo wa jambo katika kinywa cha mzazi. Nani kati yetu ameomba? Wengi tumenung'unika tu. Na mahakama isiwe mbio ya kwanza. Huko Isiolo, Kenya, mzozo wa hijabu katika shule ya St. Paul's Kiwanjani, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, ulianza 2014. Mahakama ya Rufani iliwapa wasichana haki Septemba 2016. Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019, kwa sababu ya utaratibu wa kufungua madai. Msichana aliyeanza kidato cha kwanza 2014 alikuwa amekwisha maliza shule.

Sasa tugeuze upande wa pili, ambao wengi hawapendi. Katika shule za mkataba za Kiislamu wamo watoto wa Kikatoliki, wa CBCA, wa Kiadventista. Binti wa Kikristo avalishwe hijabu kama sehemu ya yunifomu? Akaririshwe al-Fatiha ili apande darasa? Tukijibu ndiyo, tutakuwa na uso gani wa kwenda kwa direkta wa shule ya kanisa? Ibn Is'haq anasimulia kwamba ujumbe wa Wakristo wa Najran ulipofika Madina, wakati wao wa sala ulipoingia walisimama ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) kuelekea mashariki. Masahaba wakataka kuwazuia, naye akasema waachwe wasali. Huo ulikuwa msikiti. Sisi tunazungumzia darasa la mbao na mabati.

Mzazi anayetaka kuomba aandike barua fupi kabla ya masomo kuanza Septemba. Ataje jina la mtoto na darasa lake, na aseme anachoomba: mtoto akae kimya wakati wa sala, binti abaki na hijabu yenye rangi ya yunifomu, au saa ya kozi ya dini apewe kazi nyingine. Asiyejua kuandika Kifaransa aje msikitini Jumapili baada ya adhuhuri, vijana watamwandikia. Barua aipeleke mwenyewe kwa mkono wake, asimtume mtoto.

Wabillahi tawfiq.