Je, Kung'arisha ni Kudanganya?



Fundi seremala mmoja wa Makambako, aliyejiunga na Jumuiya yetu si zamani, aliniuliza hivi: "Mbao za paina zitokazo Njombe mara nyingine huuzwa mbichi. Wenzangu huziba matundu kwa gundi na vumbi la mbao, hupaka vanishi, na meza huuzwa siku ile ile. Nikikataa kufanya hivyo, wanangu watakula nini? Na je, kung'arisha kwenyewe si udanganyifu?"

Tuanze na swali lake la mwisho. Miongoni mwa vanishi za kale za maseremala ni shelaki, nayo hutokana na mdudu. Huko India na Thailand wako wadudu wadogo mno, ambao hukaa kwa maelfu juu ya vitawi vya miti, mkunazi ukiwa mmojawapo, wakifyonza utomvu wake. Jike hutoa ulimbo unaoganda na kumfunika yeye pamoja na mayai yake. Watu huukwangua ulimbo huo, huusafisha, kisha huuyeyusha katika spiriti. Hutumika kupaka samani, kufunika vidonge vya dawa, na kuziba vifundo vya paina ili utomvu wake usipenye na kuharibu rangi.

Tafakari, ewe msomaji! Mdudu huyu hajifuniki ili amhadae yeyote. Hufunika uhai ulio ndani ili usipotee. Basi fundi anayepaka mbao nzima, iliyokauka vyema, amefuata mfano huo: ameihifadhi na kuipamba, na Bwana Mtume Muhammad s.a.w. ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ni Mzuri na hupenda uzuri. Lakini apakaye mbao iliyobunguliwa, akanyamaza, amefunika uozo. Kopo la vanishi ni lile lile. Kilicho tofauti ni nia na ulimi.

Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume s.a.w. alipita sokoni, akatia mkono katika chungu ya nafaka, akakuta chini imelowa. Mwenye mali akasema ilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akasema kwamba adanganyaye si katika wafuasi wake. Tazama: hakumkataza kuiuza, alimkataza kuificha.

Hili ndilo jibu langu kwa ndugu yetu. Uza meza yako, lakini mwambie mnunuzi, "Mbao hii haijakauka sawasawa, bei yake ni hii." Sikuahidi kwamba utapata faida upesi. Huenda leo mnunuzi akaenda kwa jirani. Lakini riziki iletwayo na uongo huwalisha watoto chakula pamoja na dhambi.

Nanyi mlioingia katika Uislamu karibuni, au mnaouchunguza, jambo hili linatuhusu sote. Jina jipya na kanzu safi ni mng'aro wa nje. Ni vizuri, iwapo moyo ulio chini yake umekauka unyevu wa hila. Shelaki ikiwekewa kikombe cha moto hutoka doa jeupe. Na mwanadamu naye hujulikana ajapo mtihani. Majirani wa fundi yule huenda wasisome kitabu chetu hata kimoja, bali meza yake wataisoma kila siku.

Mwenyezi Mungu atujalie undani ulio bora kuliko sura zetu. Amin.