Nani Alilitia Tembo Maji?

Methali ya "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" sote tumeisoma shuleni na kuitungia insha. Mwalimu alitwambia maana yake ni kwamba mtu akisifiwa huharibu kazi. Tukaandika hivyo hivyo, tukapigiwa vema zetu, tukaenda makwetu. Hakuna aliyeuliza kama zile sifa alizopewa mgema zilikuwa za kweli. Mie imenibidi niolewe, ninunue ndoo ya maji ya miwa pale Ngamiani na nipasukiwe na chupa usiku wa manane, ndipo nikauliza.

Nianze na bibi yangu mzaa mama, Mbondei wa Muheza, aliyekuwa mpishi wa boha. Boha, kwa asiyeijua, ni pombe ya miwa. Miwa hutwangwa ikakamuliwa, na maji yake hutiwa mtungini pamoja na vipande vya tunda la mwegea, ule mti wenye matunda marefu, mazito, yanayoning'inia kana kwamba yamefungwa kamba. Tunda bichi ni sumu, haliliwi. Bibi alilipasua, akalichemsha, akalikausha juani, akalilowesha maji ya miwa, akalikausha tena, hata likabaki nyuzi tupu kama dodoki. Humo kwenye nyuzi ndimo chachu inamolala. Ukilitumbukiza kwenye maji ya miwa yenye vuguvugu, kesho yake mtungi unaongea. Vipande havitupwi, hukaushwa vikangoja mtungi mwingine. Bibi aliviweka kwenye kapu juu ya dari, karibu na moshi, na sisi wajukuu tulikatazwa kuligusa. Boha ile ndiyo iliyomsomesha mama yangu. Bibi alipofariki wenzangu waligawana kanga na vyombo. Mie nikachukua kapu.

(Msomaji ambaye dini yake imemkataza kileo, na hapa Tanga tunao wengi, aniwie radhi. Panapoandikwa boha aweke mchuzi. Hoja ni ile ile.)

Sasa mume wangu. Huyu bwana anakunywa bia ya aina moja: ile nyepesi ya asilimia 4, iliyolala kwenye friji mpaka chupa inatoka jasho. Anakunywa mbili, Jumamosi, basi. Nilikuwa nikimtania, "Weye unakunywa maji yaliyopita karibu na shayiri." Anacheka. Nikajiapia kwamba nitampikia kitu cha mkono wangu, chepesi kama hiyo bia yake, lakini kitoke kwenye kapu la bibi. Nikamwambia nampikia kwa sababu nampenda. Tafadhali likumbuke neno hilo, nitalirudia.

Kumbe nilikuwa nashindana na jiografia. Bia ya namna ile ni mtoto wa baridi. Ilizaliwa kwenye mapango ya Bavaria, ambako pombe ilihifadhiwa wakati wote wa joto, na chachu yake hupenda kufanya kazi penye nyuzi 7 hadi 13 hivi. Baada ya hapo bia hulazwa wiki kadhaa karibu na kuganda. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, kwenye maabara ya Carlsberg kule Denmark, alifaulu kuitenga chachu hiyo ikiwa safi, peke yake, ndiyo maana leo chupa ya Jumamosi hii ina ladha ile ile ya Jumamosi iliyopita. Mie niko Makorora. Mwezi wa Machi hata feni inatoa jasho. Na kapu la bibi halina chachu moja, lina ukoo mzima, na kila mmoja na tabia yake.

Mtungi wa kwanza niliupika kama bibi, bila kuongeza kitu. Siku ya pili nikamtilia mwenzangu kikombe. Akanywa funda moja, akakunja uso. "Kali," akasema.

Haya. Mtungi wa pili nikatia nusu maji ya miwa, nusu maji ya bomba, kwani sukari ikipungua na kileo hupungua. Nikachuja kwa kitambaa mara tatu, nikaweka kwenye friji. Akanywa. "Hii nzuri sana, mke wangu," akasema. "Nzuri kweli. Labda ingekuwa nyepesi kidogo tu." Wallahi usiku ule sikulala kwa furaha. Na nikafanya nini? Mtungi wa tatu nikaongeza maji! Nilikuwa mgema, nikasifiwa, nikatia maji. Nilionja mwenyewe nikaona ni kinywaji cha kusikitisha: kichachu, hakina mwili, kama kitu kilichosuuza mtungi wa kitu kingine. Lakini mwenye kunywa kasema nzuri, mie nani? Safari hii niliikatiza siku ya kwanza, kabla sukari haijaliwa yote, ili ibaki laini. Nikaijaza kwenye chupa tupu, nikakaza vifuniko. Nilitaka afungue chupa ikisema tsss, kama yake.

Mwenye kujua ameshajua kilichofuata. Chachu haifi kwa baridi, inasinzia. Umeme ukakatika saa tatu usiku, friji ikapata joto, chachu ikaamka ikaikuta sukari imeiachiwa, na hewa yake haina pa kutokea. Saa nane za usiku chupa ikapasuka, mlango wa friji ukafunguka wenyewe. Nilipofika jikoni na tochi nilimkuta mume wangu amesimama mlangoni, kashika kizingiti. Nilidhani kakatwa na kigae. Alikuwa mzima, ila anatetemeka.

"Harufu," akasema.

Ndipo aliponieleza, tumekaa sakafuni gizani, jambo ambalo miaka minne ya ndoa hakuwahi kulitaja. Baba yake alikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja njia ya Pangani. Siku ya mshahara alianza na mnazi, akamalizia na gongo, akarudi akinuka vile vile uchachu ule, na mama yao aliwatoa watoto kwa mlango wa uani wakalale mkongeni. "Hakuna aliyejua kikombe cha ngapi kitamgeuza," akasema. "Hata yeye hakujua. Mimi chupa yangu naijua. Imeandikwa. Nikinywa mbili, najua nimekunywa mbili." Akanyamaza, kisha akaongeza, "Ile ya pili niliimwaga kwenye mpapai. Na ya tatu pia ningemwaga."

Sitaficha: nilichokishika kwanza ni mpapai. Siku mbili sikumsemesha. Kunidanganya, nami natwanga miwa! Rafiki yangu mmoja, mkali wa maadili, aliniunga mkono. Yeye anasema uongo ni uongo, hata ukivishwa kanga ya mapenzi. Nilikubaliana naye mpaka nilipojaribu kulitumia neno lake kwangu mwenyewe. Je, mie nilisema kweli? Nilisema nampikia yeye. Lakini mtu anayempikia mwenziwe huanza kwa kumuuliza anapenda nini na kwa nini. Mie sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilikuwa nampikia marehemu. Nilitaka kapu la bibi lisife, na nilihitaji koo la mtu mwingine la kulipitishia, nikalipa jina la mapenzi. Yeye alinidanganya juu ya pombe. Mie nilimdanganya juu yake yeye. Sijui nani zaidi.

Wapo watakaosema kosa liko kwenye ile bia, kwamba mume wangu ni mtumwa wa kizungu, kaacha cha kwao. Hoja hii naisikia sana kwa vijana wenzangu waandishi, tena wengine wanaisema wakiwa na chupa mkononi. Tuwe waangalifu. Enzi za mkoloni bia ya chupa ilikuwa ya Mzungu. Kiwanda cha bia kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933, lakini hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia sheria ilimtaka Mwafrika abaki na pombe yake ya kienyeji. Kwa hiyo kumwambia mtu "kunywa cha kwenu" si neno jipya. Lilishasemwa na Bwana Shauri. Wahenga nao walisema kipendacho moyo ni dawa, na nilikuwa naitumia methali hiyo kwa mambo ya wachumba tu. Kwa mume wangu ule wepesi ni dawa hasa, yenye kipimo. Nilipouita maji nilikuwa natukana ukuta alioujenga mwenyewe ili watoto wake wasilale mkongeni.

Lakini simwachii yote. Sifa za uongo zina gharama, na gharama hailipwi na msifu. Kama angerudia neno moja tu, "kali", ningeacha kwenye mtungi wa pili, tungegombana kidogo, na huenda ningeuliza lile swali kabla chupa haijauliza. Alinisifu asiniumize, nilitia maji nisimuumize. Matokeo yake ndani ya nyumba mlikuwa na lita kumi za kinywaji ambacho bibi angekitema, mimi sikukipenda, na yeye alikiogopa.

Mwezi uliopita nilipika tena. Sikuongeza hata tone. Nilimwambia mapema kwamba safari hii napika yangu, na kama harufu inamsumbua nitapikia kwa shangazi huko Muheza. Alifikiri, akasema pika hapa, ila uani. Shangazi akaja, tukatandika mkeka chini ya mpapai (umenenepa, kusema kweli), tukanywa vikombe vyetu viwili viwili tukamkumbuka marehemu. Jua linazama mwenzangu akatoka na chupa yake, akaketi ukingoni mwa mkeka. Baadaye akaomba kikombe changu. Akanusa kwanza. Akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Kali," akasema, akanirudishia.