Mtenda Mema Asiyerudi Kwake

Leo nina swali moja. Mtu akifuata hadithi kwa miaka mingi, na mwisho wake ukamwumiza moyo, je, ana haki ya kumlaumu msimulizi? Au ni utoto tu?

Tuchukue mfano. Huko Marekani, tangu Machi 1989, televisheni ya NBC ilionyesha hadithi iitwayo Quantum Leap, iliyotungwa na Donald Bellisario. Ni habari za mtaalamu mmoja, Sam Beckett, aliyebuni njia ya kurudi katika miaka iliyopita. Akaijaribu mwenyewe, akapotea. Toka hapo akawa anaruka mwaka hata mwaka, akiingia mahali pa mtu mwingine, akitengeneza jambo lililoharibika, kisha akiruka tena. Rafiki yake Al, mkubwa katika jeshi la majini, alimtokea kama kivuli na kumshauri. Kila mara Sam alitumaini kwamba mruko ujao utamfikisha nyumbani.

Watazamaji wakangoja pamoja naye zaidi ya miaka 4. Tarehe 5 Mei 1993 hadithi ikaisha. Katika mji mdogo wa wachimba makaa, Sam akutana na mwenye baa wa ajabu, ajuaye mambo yake yote. Huyu amwambia kwamba akitaka aweza kurudi kwake. Sam atamani sana, lakini akumbuka deni. Zamani Al alitekwa vitani Vietnam. Mkewe Beth akadhani amekufa, akaolewa na mwingine. Sam aliwahi kufika kwa Beth bila kumfunulia kweli. Sasa arudi kwake na kumwambia: Al yu hai.

Halafu kioo chawa cheusi, maandishi yatokea. Al na Beth wangali pamoja, wana mabinti 4. Na Sam? Hakurudi nyumbani kamwe. Hata jina lake limekosewa, herufi moja imeachwa.

Wengi walihuzunika, wengine walikasirika. Je, walikosa?

Yafaa tupambanue mambo mawili. Kwanza, ahadi ni deni. Kila juma watu waliambiwa watumaini. Basi msimulizi alikuwa na deni kwao, walau kuwaaga kwa heshima. Kumaliza safari ndefu kwa mstari mmoja, tena wenye kosa, ni kama kumfungia mgeni mlango kabla hajasema kwaheri. Hapo lawama ni ya haki.

Pili, wako wanaolaumu kwa sababu mtu mwema hakupata malipo. Hapo sikubali. Sam hakunyang'anywa nyumba yake; aliitoa kwa ajili ya rafiki. Tulimpenda kwa nini, kama si kwa kuwa alijisahau? Hatuwezi kumsifu miaka 4 kwa kujinyima, kisha siku ya mwisho tukadai asijinyime. Wazee walisema: Tenda wema, nenda zako.

Fikirini mwalimu wa kijijini. Anafundisha watoto, wanakua, wanakwenda mbali. Hajui wamefika wapi, wala hapati barua. Je, kazi yake ni bure? Hasha. Tena wale watoto walisoma kweli, hata kama yeye hakuona mwisho.

Basi, ndugu, tusione haya kusikitika, nami nasikitika. Lakini tusiseme kwamba wema wa Sam ulipotea. Mwulizeni Beth.