Ujuzi wa Fundi ni Deni, si Hisani

Fundi wa majukwaa ya ujenzi aliyefanya kazi kwa miaka Doha au Dubai hurudi Mombasa au Dar es Salaam akiwa na mikono inayoijua kazi na karatasi ambayo mwajiri wa nyumbani hajui aiweke wapi. Anajua kuwa nguzo ya chuma haisimamishwi juu ya udongo mtupu bila bamba la kitako na ubao chini yake. Anajua kuwa jukwaa refu lisilofungwa ukutani linaweza kupinduka hata kama kila klampu imekazwa, na kwamba mkingamo mmoja ukiondolewa ili kupitisha tofali, uzito wote unahamia pasipotarajiwa. Pamoja na hayo yote, akifika kwenye dirisha la ajira huulizwa cheti, na jibu lake lisiporidhisha huandikwa saidia fundi. Swali hapa ni la maadili kabla ya kuwa la utawala: jamii inapomtambua mtu huyu, je, inamfanyia hisani au inamlipa deni? Nashikilia kuwa ni deni. Lakini deni hilo lina mpaka, na anayeupuuza mpaka huo huiharibu hoja anayoitetea.

Tuanze na ujuzi wenyewe. Ibn Khaldun, katika Muqaddimah, aliueleza ufundi kuwa tabia inayokita ndani ya mtu kwa kurudia kitendo mara nyingi, hasa akimwona bingwa akikifanya mbele yake. Aristotle, ambaye aliiweka elimu ya kujua sababu juu ya uzoefu, alikiri kuwa katika kutenda mwenye uzoefu mara nyingi humshinda mwenye nadharia tupu. Karne iliyopita Michael Polanyi alijenga falsafa nzima juu ya jambo hilo: binadamu anajua mengi kuliko anavyoweza kuyaeleza kwa maneno. Watatu hao wametengana kwa karne na kwa imani, na hakuna hata mmoja anayetupa ruhusa ya kudhani kuwa ujuzi huanza siku ya mahafali. Asiye na cheti huenda hajapungukiwa elimu yoyote. Alichokosa ni shahidi. Tena mtu anaweza kukosa shahidi kwa sababu zisizohusiana kabisa na uwezo wake: umaskini wa nyumbani, chuo kilichokuwa mbali, au mkataba wa Ghuba uliokwisha bila kuachiwa hata barua.

Katika Qur'ani, Nabii Shuaib aliwaonya watu wa Madyan wasipunje vipimo, kisha akawakataza kuwapunguzia watu vitu vyao. Mara nyingi tunaposoma habari ile tunaiona mizani ya sokoni tu, na mchele na nafaka. Sioni sababu ya kuuhesabu mchele kuwa kitu cha mtu na kuuacha ujuzi wake, uliomgharimu miaka na pengine afya. Kitabu cha Kutoka nacho kinamtaja Bezaleli, fundi wa hema la kukutania, na kusema kuwa ustadi wa mikono yake ulitoka kwa Roho wa Mungu. Ikiwa kipawa ni cha Mungu na jasho ni la mtu, anayekidharau kipawa hicho hawi mwangalifu tu, bali anakanusha jambo la kweli. Na upunjaji wenyewe hufanyika waziwazi kwenye eneo la kazi: mtu huyo huyo aliyeandikwa saidia fundi ndiye anayeitwa jukwaa linapokataa kukaa sawa. Kazi ni ya fundi, mshahara ni wa kibarua.

Pingamizi zito linatoka kwenye usalama, na halistahili kujibiwa kwa haraka. Jukwaa hubeba maisha ya watu wasiolijenga. Mpaka rangi anapanda juu yake akimwamini mtu ambaye huenda hatamwona kamwe. Kumbukumbu la Torati linamwagiza mwenye nyumba mpya aweke ukingo kwenye dari, asije akabeba damu ya atakayeanguka. Na ipo hadithi ya Mtume inayomtwisha dhamana mtu anayetibu watu bila kujulikana kuwa ni tabibu. Uingereza, sheria inataka jukwaa ambalo mtu anaweza kuanguka kutoka mita 2 au zaidi liwe limekaguliwa ndani ya siku 7 zilizotangulia. Mpango wa kadi za mafundi wa majukwaa wa huko, CISRS, una mafunzo maalumu kwa nchi za nje, lakini kadi yake ya nje haimruhusu mwenyewe kufanya kazi hiyo ndani ya Uingereza. Je, si busara kumwambia aliyetoka mbali aanze upya?

Nakubali nusu. Neno la mtu, au miaka anayoitaja, havitoshi kumweka mwingine juu angani. Vifaa hutofautiana, kanuni hutofautiana, na aliyezoea mabomba ya chuma hajathibitisha kuwa anaimudu mirunda. Lakini hofu hiyo inadai tumpime, haidai tumpuuze. Hapo ndipo mpaka wa deni ulipo: hatumdai mwajiri wala serikali cheti cha bure, tunawadai mtihani wa haki. Mtihani wa haki ni ule unaomkabidhi fundi vifaa, ukamwona akijenga, akikagua na akibomoa, ukamuuliza kwa lugha anayoielewa, kisha ukamwambia pengo lake liko wapi ili afundishwe pengo hilo peke yake. Kumlazimisha arudie miaka miwili ya anachokijua hakuongezi usalama hata kidogo. Kunaupunguza, kwa sababu wengi hawatarudia. Watafanya kazi ile ile vichochoroni, bila kupimwa na yeyote.

Wengine husema kuwa utaratibu huu unawadhulumu waliokaa darasani na kulipa ada. Ingekuwa kweli kama cheti kingekuwa malipo ya mateso. Cheti ni ushahidi wa uwezo, na uwezo ukiwa sawa, njia mbili za kuufikia hazimwibii mtu. Wengine huogopa udanganyifu. Wakumbuke uhakiki wa mwaka 2017 Tanzania, uliowabaini watumishi wa umma zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi. Karatasi ndiyo iliyodanganya pale. Ni vigumu zaidi kughushi mikono mbele ya mkaguzi anayetazama.

Wala jambo hili si ndoto. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania, hupima mafundi waliojifunza kazini na kuwapa vyeti, kazi inayojulikana kama urasimishaji ujuzi. Kwa wenye shahada mataifa yetu yalihangaika mapema: mkataba wa kutambuliana elimu ya juu Afrika ulipitishwa Arusha mwaka 1981 na kufanyiwa marekebisho Addis Ababa mwaka 2014. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wana makubaliano yao ya kutambuliana. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataja utambuzi wa uzoefu pamoja na vyeti. Mhandisi anayechora jengo ameshafunguliwa mlango wa mpakani. Serikali zetu zimfungulie na fundi anayemjengea jukwaa la kusimamia, naye apimwe kwa kazi yake.