Deni la Kuelekezana

Kila jioni, barazani kwangu hapa Lukuledi, hupita mazungumzo ambayo mgeni angeyadharau. Huyu anauliza ni nani ana mbaazi zinazoiva upesi. Yule anajibu kwamba za mama fulani wa kando ya barabara hazimalizi kuni. Mwingine anatafuta mkeka wa kumpokelea mkwe. Mwingine, bila kupunguza sauti, anauliza uraka usiotiwa maji msimu huu unapatikana kwa nani. Majibu hutolewa bure, na kila mtu huondoka na alichokuja kukitafuta. Nimeyasikiliza mazungumzo hayo kwa miaka mingi, na katika uzee wangu swali moja limekuwa likinirudia: kumwelekeza jirani mahali pa kununua ni hisani tu, au ni wajibu? Na kama ni wajibu, mipaka yake ni ipi?

Swali hili, ndugu msomaji, lilinijia kwanza kwenye kikombe cha chai.

Wenye umri wangu wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, lakini nchi ilikuwa imeishiwa fedha za kigeni. Sabuni, sukari, mafuta ya taa na khanga vilifika vijijini mara moja moja, na vilikwisha siku ileile. Mwaka 1983 Serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi, na wapo waliotupa bidhaa usiku kwa hofu. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu kijana. Mwenye duka mmoja, ambaye mtoto wake alikuwa mwanafunzi wangu, alinitumia ujumbe: sukari imekuja, pitia mlango wa nyuma kabla hakujapambazuka. Nilikwenda, nikarudi na kilo mbili chini ya koti. Sikumwambia mtu. Nilijitetea moyoni kwamba sikuiba, kwamba nililipa bei halali, na kwamba hakuna aliyeniuliza.

Siku ya tatu alikuja jirani yangu, bibi mmoja ambaye binti yake alikuwa amejifungua wiki ile, na uji wake wa uzazi alikuwa akiunywa mtupu. Bibi alikuja kuomba kaa la moto. Nikamwamkia, akaitikia, kisha macho yake yakatua mezani, penye kopo lililokuwa wazi. Akasema, "Mwalimu, kumbe sukari ilikuja." Hakuongeza neno. Alichukua kaa lake, akaenda zake.

Miaka baadaye nilikumbuka kisa tulichosimuliwa na mkufunzi wetu katika chuo cha ualimu. Mwandishi wa Roma ya kale, Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anamtaja mfanyabiashara aliyetoka Alexandria na shehena ya nafaka kwenda kisiwa cha Rhodes, ambako kulikuwa na njaa na bei imepanda. Njiani ameziona merikebu nyingine nyingi za nafaka zikielekea hukohuko. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze na kuuza kwa bei ya juu? Cicero anawakutanisha wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli anasema kunyamaza si kuficha. Muuzaji akishataja kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, halazimiki kusema kila jambo lenye faida kwa mnunuzi. Antipater, mwanafunzi wake, anasema wanadamu wamefungwa pamoja na udugu wa asili, na anayejua lenye manufaa kwa wenzake haimpasi kuwaficha. Cicero mwenyewe anaishia upande wa Antipater: kunyamaza makusudi, ili unufaike na ujinga wa wenzako, huko ndiko kuficha.

Nami na kilo zangu mbili nilikuwa mfuasi mtiifu wa Diogenes bila kujua. Mtu ataniambia: sukari ilikuwa kidogo, ungewatangazia wote ingemtosha nani? Ni kweli isingetosha. Hata hivyo, kidogo ndicho kinachotaka ujirani. Vingi havihitaji mtu amfikirie mwenzake.

Miaka ile ilipita. Kuanzia 1984 Serikali ilianza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na baada ya Mzee Mwinyi kuingia Ikulu mwaka 1985 maduka yalizidi kujaa. Nilidhani swali langu limezikwa pamoja na foleni. La hasha! Lilibadili nguo tu. Zamani tulifichana mahali palipo na bidhaa. Sasa bidhaa ziko kila mahali, na kinachofichika ni ubora wake, pamoja na nia ya anayekuelekeza.

Kijana mmoja jirani yangu alikuwa anaoa. Akaniuliza, "Mwalimu, kitanda nikatengenezeshe kwa nani?" Nikampeleka kwa fundi seremala ambaye ni mtoto wa ndugu yangu. Sikumweleza kwamba ni ndugu, wala kwamba fundi huyo alikuwa ameniahidi kiti. Kitanda kikaundwa kwa mbao mbichi. Kiangazi kilipoingia mbao zikapinda, maungio yakaachia, na maharusi wakahamia mkekani. Kiti changu kiliundwa kwa mninga mkavu, na mpaka leo ninakikalia. Sikikalii kwa raha.

Katika vinywaji jambo hili ni zito zaidi. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, mabibo hukamuliwa, na maji yake yakichacha huwa uraka. Yakipikwa na mvuke wake kukingwa huwa nipa, pombe kali, na hatari yake haionekani kwa macho, kwa maana pombe ya moshi yenye sumu huwa nyeupe kama maji ya kisima. Anayemwelekeza mwenzake kwa mpishi asiyemjua ameweka rehani macho na ini la mwenzake. Usemi wetu kwamba kizuri chajiuza haumsaidii mtu hapa. Kwa hiyo nimejifunza kusema, "Hapo sijawahi kunywa," hata kama kusema hivyo kunanifanya nionekane mshamba.

Lakini funzo lililonichelewa kuliko yote linamhusu mtu wa tatu, ambaye Diogenes na Antipater hawakumgusa katika kisa kile: muuzaji mwenye shida kuliko mnunuzi.

Februari moja, mahindi mapya yakiwa bado shambani, nilimkuta mama mmoja wa kijiji chetu akiuza debe la mahindi kwa chini ya nusu ya bei ya gulioni. Nikanunua, kisha nikapita nyumba kwa nyumba nikitangaza, kwa furaha ya mtu anayelipa deni la zamani la sukari. Majirani wakamiminika na ndoo zao. Kabla ya adhuhuri ghala lake lilikuwa jeupe. Siku chache baadaye ndipo nilipopata habari kwamba mtoto wake alikuwa amelazwa, naye alikuwa akiuza chakula cha nyumbani kwake ili apate fedha za matibabu. Sisi tulishangilia urahisi bila yeyote kuuliza urahisi ule ulitoka wapi.

Je, ningalinyamaza, ingalikuwa heri? Sidhani. Alihitaji wanunuzi. Ningalimwuliza kwanza, ningaliwaelekeza majirani walewale kwenye mlango uleule, lakini kwa neno jingine: nendeni mkanunue kwa bei ya gulio, mwenzetu ana mgonjwa. Habari yangu ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa nusu, na nusu niliyoiacha ndiyo iliyokuwa yake. Nilimrudishia debe langu jioni moja giza likiingia. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, Mwalimu," nami nikaona haya kuliko siku ile ya kopo.

Basi naamini kwamba kuelekezana ni deni, wala si hisani tu. Anayejua penye nafuu na asiseme amemnyima jirani kitu ambacho kumpa kusingempunguzia chochote, au kungempunguzia kidogo. Lakini deni hilo hulipwa kwa habari nzima: kuna nini, wewe una maslahi gani hapo, umekijaribu au umesikia tu, na kwa nini ni rahisi. Swali hilo la mwisho ndilo tunalolikwepa, kwa sababu jibu lake aghalabu hutugharimu fedha.

Jana jioni mzee mwenzangu aliniuliza ni wapi Masasi mjini atapata godoro zuri. Nikamtajia duka na bei, nikamweleza kwamba mwenye duka ni shemeji yangu, na kwamba godoro lenyewe sijawahi kulilalia. Akacheka sana. "Njomba," akasema, "maelezo yako ni marefu kuliko godoro." Nikamwacha acheke.